Nusu Moja, Milango Mitatu

(Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya walimu wa hisabati na wanafunzi wa fizikia. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na hesabu zilizokuwa ubaoni.)

Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazazi mliosindikiza watoto mkajikuta mmekalishwa: asanteni kwa kuja. Wakubwa zangu, shikamooni.

Niliulizwa nitaleta slaidi ngapi. Nikasema sileti hata moja, naleta chaki na namba moja. Namba yenyewe ni nusu. Mtaiona ikitokea ubaoni mara tatu, kila mara ikipitia mlango mwingine, na kila mlango una hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuikagua kwa kikokotoo cha simu. Kinachoiunganisha milango hiyo kinaitwa aljebra ya Lie. Hutamkwa "Lii", ni jina la mtu, wala halina uhusiano na neno la Kiingereza la uongo. Nalisema mapema kwa sababu kila mwaka kuna anayeniuliza.

Nianze na dereva. Mmewaona madereva wa daladala wakipaki Kariakoo. Nafasi iko katikati ya magari mawili, imelizidi gari kwa futi mbili tatu. Gari haliendi ubavu. Lina mambo mawili tu: usukani unageuka, na matairi yanakwenda mbele au nyuma. Lakini konda ameshuka, anapiga bodi: kata yote, rudi, rudi, nyoosha, njoo! Baada ya kurudiarudia hivyo, gari limesogea ubavu na kuingia. Mwendo ambao fundi hakuuweka kwenye gari umetoka wapi? Umetokana na mpangilio. Kukata usukani halafu kurudi nyuma si sawa na kurudi nyuma halafu kukata usukani. Ile tofauti baina ya mpangilio mmoja na wa pili ni mwendo wenyewe, mpya. Ukiuchanganya huo mpya na wa zamani unapata mwingine tena, mpaka unaupata wa ubavu.

Tofauti hiyo huandikwa [A, B] = AB − BA, na huitwa mabano ya Lie. Aljebra ya Lie, kwa maneno ya mtaani, ni orodha ya mienendo midogo kabisa ambayo kitu kinakubali kufanyiwa, pamoja na jedwali la kusema mabano ya kila miwili yanazaa upi. Mienendo mikubwa inapatikana kwa kurudia ile midogo mara nyingi mno. Haba na haba hujaza kibaba: sijui kama aliyeisema alikuwa na hisabati kichwani, lakini ndivyo inavyofanya kazi.

Sophus Lie alikuwa Mnorwei, mzaliwa wa 1842. Mwaka 1870 alikuwa Paris, vita vya Ufaransa na Prussia vikalipuka, akaamua kuondoka kwa miguu kwenda Italia. Hakufika mbali. Fontainebleau walimkamata: mgeni, amebeba karatasi zilizojaa alama zisizosomeka na maandishi ya Kijerumani. Wakaona huyu ni jasusi na hizo ni siri za jeshi. Alikaa mahabusu karibu mwezi mzima mpaka mwanahisabati Gaston Darboux alipokwenda kumtoa. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kama daftari lenu halisomeki, mko kwenye mkondo mzuri, ila msitembee nalo wakati wa vita.

Fizikia iliijua simetria, yaani kitu kufanyiwa mwendo kikabaki kama kilivyokuwa, kabla ya hapo, lakini aliyeipa heshima yake ni Emmy Noether mwaka 1918: kila simetria inayoweza kufanywa kidogokidogo inaleta kitu kinachohifadhiwa. Sheria zisipobadilika leo na kesho, nishati inahifadhiwa. Zisipobadilika ukigeuka, mzunguko unahifadhiwa. Ni nzuri sana, lakini tazameni mipaka yake. Kujua kwamba mzunguko unahifadhiwa hakukwambii Jua linaivuta Dunia kwa nguvu kiasi gani. Simetria inapunguza kazi, kisha inakuacha na kazi. Nilichokuja kusema jioni ya leo ni kwamba kuna chumba kimoja cha fizikia ambamo simetria haipunguzi kazi, inaimaliza. Na inaimaliza kwa msaada wa kasoro moja iliyomo ndani yake.

Chumba hicho kinaitwa nadharia ya uga konfomali. Uga mnaujua: uga wa sumaku, uga wa umeme, kitu chenye thamani kila mahali. Neno gumu ni konfomali, na nina ramani ya kulieleza. Tuliosoma zamani tunaikumbuka ramani ya dunia iliyotundikwa juu ya ubao, ambamo Greenland inakaribia kulingana na Afrika nzima, hali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na nne hivi. Ni ramani ya Gerardus Mercator, ya mwaka 1569. Tunailaumu, na tuna haki, lakini mtetezi wake ni nahodha. Mercator alinyoosha maeneo kila mahali kwa kiasi tofauti, ila pembe hakuzigusa. Pembe unayoipima kwenye karatasi ndiyo unayoishika kwenye dira baharini. Kukuza huku, kupunguza kule, pembe zikabaki kama zilivyo: hiyo ndiyo konfomali.

Kwa nini asili ijali jambo hilo? Chukueni chuma mpeleke kwa mhunzi. Kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, sumaku inaacha kukivuta. Juu ya hapo kila atomu inatazama kwake, chini ya hapo zinakubaliana. Pale penyewe mpakani, kwenye nukta ya hatihati, kuna visiwa vya makubaliano ndani ya bahari za ubishi, na ndani ya visiwa kuna maziwa, na ndani ya maziwa visiwa vidogo zaidi. Piga picha, ikuze mara kumi, utashindwa kutofautisha picha ya kwanza na ya pili. Mwaka 1970 Alexander Polyakov alitoa hoja kwamba hali hiyo haikubali tu kukuzwa kote kwa kiasi kimoja, bali kukuzwa kwa mtindo wa Mercator, hapa zaidi na pale kidogo, mradi pembe zisiguswe.

Sasa tuhesabu mienendo. Katika dimensheni tatu mnaweza kusogeza kwa njia tatu, kugeuza kwa njia tatu, kukuza kwa njia moja, na kuna nyingine tatu za kupinda ambazo sitazieleza. Jumla 10. Joseph Liouville alionyesha mwaka 1850 kwamba hakuna zaidi, hata ukitafuta. Mienendo kumi ni mtaji mdogo.

Lakini shukeni kwenye karatasi, dimensheni mbili, mlango unafunguka wote. Andika kila nukta kama namba changamano z. Mraba wa z unahifadhi pembe karibu kila mahali. Mchemraba wake vivyo hivyo. Fanksheni yoyote laini ya z inahifadhi pembe, na fanksheni hizo hazina mwisho. Kwa hiyo orodha yetu ya mienendo midogo inakuwa na mmoja kwa kila namba nzima: L₀, L₁, L₂, na L₋₁, L₋₂, bila kikomo kushoto wala kulia. Jedwali la mabano yake ni jepesi kuliko la kuzidisha la darasa la tatu:

[Lₘ, Lₙ] = (m − n) Lₘ₊ₙ

Hapo bado tuko kwenye jometria. Ingia kwenye fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, ambamo L hizi zinazitenda hali zenye uwezekano, na kuna kinachochakachuka. Jedwali linaongezeka mkia:

[Lₘ, Lₙ] = (m − n) Lₘ₊ₙ + (c/12)(m³ − m)

Mkia unahesabiwa pale tu m + n inapokuwa sifuri. Na c ni namba tu, haina mwelekeo, haigombani na yeyote. Tuiite chaji ya kati. Angalieni kitu: weka m = 1, au 0, au −1, mkia unakuwa sifuri. Mienendo mitatu ya nyumbani haikuguswa. Kasoro inaonekana kuanzia m = 2 kwenda juu, pale ambapo jometria ya kawaida isingekufikisha.

Hii inaitwa aljebra ya Virasoro, kwa jina la Miguel Ángel Virasoro wa Argentina, kutokana na kazi yake ya 1970. Historia ina ubishi wake: mkia wenyewe haukuwamo kwenye makala yake. Upande wa hisabati, Israel Gelfand na Dmitry Fuks walishauona mwaka 1968, na upande wa fizikia anatajwa Joseph Weis. Majina ya hisabati yamegawiwa hivyohivyo kama majina ya mitaa. Virasoro mwenyewe anatuhusu kidogo. Kuanzia 1995 hadi 2002 aliongoza kituo cha fizikia cha ICTP, kule Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam wa Pakistan alikianzisha mwaka 1964 ili wanasayansi wa nchi kama zetu wapate mahali pa kukutana na wenzao bila kuhama kwao moja kwa moja. Tangu 2018 kituo hicho kina ndugu yake Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Vijana mnaotafuta shahada ya pili, andikeni hilo kwenye daftari kabla sijafuta ubao.

Mtu atauliza: kasoro ina faida gani? Bila mkia, yaani c ikiwa sifuri, na ukikataa uwezekano hasi, nadharia inakufa: inabaki hali moja tupu isiyo na tukio. Uhai wote uko kwenye c. Ni namba inayoeleza, kwa kukadiria, kuna vitu vingapi vinavyotikisika humo ndani. Ukiubana mfumo kwenye utepe ulioviringishwa wenye mzingo R, nishati yake inapungua kwa kiasi kinacholingana na c gawanya kwa R, kwa hiyo c inaweza hata kupimwa kwenye kompyuta. Wafuasi wa nadharia ya nyuzi, ile inayoziona chembe kama nyuzi zinazotetema, wana c yao wanayoitaka, 26, lakini hao tuwaachie siku yao.

Mlango wa kwanza, basi. Nahitaji ubao wote.

Chukua hali ya msingi, ipe lebo h. L₀ ikiitenda inatoa h. L₁, L₂ na za juu zote zikiitenda zinatoa sifuri. L zenye alama hasi zinaipandisha daraja. Daraja la kwanza kuna hali moja, ya L₋₁. Daraja la pili kuna mbili: L₋₁ iliyotumika mara mbili, na L₋₂. Nataka urefu wa kila moja na pembe baina yake. Kwa jedwali la Virasoro pekee, bila kujua chochote kuhusu atomu, chuma, au mhunzi, unapata namba hizi:

Urefu wa kwanza: 4h(2h + 1)
Urefu wa pili: 4h + c/2
Kilicho baina yake: 6h

Swali: je, inawezekana mchanganyiko fulani wa hali hizo mbili ukawa na urefu sifuri? Katika kwanta, kitu chenye urefu sifuri hakipo. Ukikikuta unakifuta, na ukikifuta umepata mlinganyo, kwa sababu umesema kitu hiki toa kile ni sifuri. Sharti ni kwamba ukizidisha urefu wa kwanza kwa wa pili, kisha ukatoa mraba wa 6h, ibaki sifuri. Rahisisheni nyumbani, mtapata:

c = 2h(5 − 8h) / (2h + 1)

Toeni simu. Wekeni h = 1/2. Juu ni 1 mara (5 − 4), yaani 1. Chini ni 2. Jibu nusu. Sasa wekeni h = 1/16. Juu ni 0.125 mara 4.5, yaani 0.5625. Chini ni 1.125. Jibu?

(Ukumbi ulijibu kabla yangu.)

Nusu. Lebo mbili zisizofanana hata kidogo, 1/2 na 1/16, zinaishi pamoja chini ya c moja. Hiyo si bahati. Mwaka 1984 watu watatu wa Urusi, Alexander Belavin, Polyakov na Alexander Zamolodchikov, walionyesha kwamba kwa c maalumu kama hizi nadharia nzima inafungika: orodha ya lebo ina mwisho, na kila kipimo kinapatikana kwa kutatua mlinganyo uliozaliwa na kile kitu chenye urefu sifuri. Kwa c = 1/2 lebo ni tatu tu: 0, 1/2, 1/16. Walitumia fomula aliyoitoa Victor Kac miaka michache kabla, ambayo inafanya kwa kila daraja kile nilichofanya kwa daraja la pili. Mwaka huohuo Daniel Friedan, Zongan Qiu na Stephen Shenker wakapiga marufuku: kama unakataa urefu hasi, yaani uwezekano hasi, basi chini ya 1 chaji ya kati haiwezi kuwa chochote isipokuwa

c = 1 − 6/(m(m + 1)), kwa m = 3, 4, 5, na kuendelea.

Nusu, 7/10, 4/5... Kati ya nusu na 7/10 hakuna kitu. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuamini. Namba ambayo ungedhani inateleza kama maji, kumbe inapanda kwa vidato.

Na nusu hii ni ya nani? Ni ya sumaku bapa ya Ernst Ising. Mwalimu wake Wilhelm Lenz alimpa mfano wa sumaku ambamo kila atomu inatazama juu au chini tu na inamsikiliza jirani. Ising aliutatua kwenye mstari mmoja, katika tasnifu yake ya 1924, akakuta haugeuki sumaku kamwe, akadhani ndivyo itakavyokuwa kwenye karatasi pia. Alikosea. Lars Onsager aliutatua kwenye karatasi mwaka 1944, kwa hesabu ambazo mpaka leo wanaoweza kuzirudia bila kuchungulia ni wachache. Miaka minane baadaye C. N. Yang akachapisha namna nguvu ya sumaku inavyokufa ukikaribia nukta ya hatihati: kama umbali wa halijoto ukiwekwa kwenye kipeo cha 1/8. Hiyo 1/8 ilizungukazunguka bila mwenyewe. Sasa mnamjua: mienendo ya kushoto na ya kulia kila mmoja una nakala yake ya aljebra, kwa hiyo lebo ya sumaku ni 1/16 + 1/16. Yang alijaza kurasa. Sisi tumejumlisha.

Mlango wa pili nitaupita kwa haraka kidogo.

Geuza simu yako hewani. Kuna njia tatu za kuigeuza, na mabano ya mbili yanatoa ya tatu. Aljebra hiyo inaitwa su(2), na ni ya dimensheni 3. Sasa ipandikize kwenye duara, ili kila nukta ya duara iwe na haki ya kugeuka kwa kiasi chake. Unapata aljebra isiyo na mwisho tena, na katika kwanta inaota mkia wake, wenye namba nzima k tunayoiita ngazi. Victor Kac na Robert Moody waliifikia jamii hii ya aljebra mwishoni mwa miaka ya 1960, kila mmoja kivyake. Mwaka 1984 Edward Witten alionyesha nadharia ya uga inayoibeba, na mwaka huohuo Vadim Knizhnik na Zamolodchikov wakaandika milinganyo ya kuihesabia. Knizhnik alifariki 1987 akiwa na miaka 25.

Ajabu ya aljebra hizi ni kwamba Virasoro imejificha ndani yake. Ukiizidisha mienendo hiyo ya mzunguko miwili miwili na kuijumlisha, zile L zinajitokeza zenyewe. Nishati yote imejengwa kwa simetria, hakuna kiungo kingine kilichonunuliwa dukani. Njia hiyo ina jina la Hirotaka Sugawara, 1968, na chaji ya kati inakuwa:

c = k × dimensheni / (k + g)

ambapo g ni namba ya kila aljebra. Kwa su(2), dimensheni ni 3 na g ni 2. Ngazi ya kwanza: 3/3, yaani 1. Ngazi ya pili: 6/4, yaani moja na nusu.

Peter Goddard, Adrian Kent na David Olive wakauliza swali ambalo mama wa nyumbani angeuliza: nikiwa na nakala mbili za ngazi ya kwanza, na ndani yake kuna nakala moja ya ngazi ya pili, nikiitoa hiyo kinabaki nini? 1 + 1 − 1.5.

Nusu. Ile ile, na safari hii sikugusa Ising, sikugusa urefu sifuri. Na ukianza na ngazi ya pili na ya kwanza, ukatoa ya tatu, unapata 7/10. Endelea na utapita vidato vyote vya Friedan na wenzake. Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulisema kwa sentensi moja na mimi naona linastahili zaidi. Friedan, Qiu na Shenker walisema namba nyingine zote zimekatazwa. Hawakuwa wamethibitisha kwamba hizi zilizobaki kweli zina wenyewe. Kukataza ni kazi ya askari, kumleta mtu mbele ya watu na kusema huyu hapa ni kazi nyingine. Goddard, Kent na Olive ndio waliowaleta, kwa kutoa ngazi moja kwenye nyingine.

Mlango wa tatu unaanzia kwa mwenzetu, mwalimu. Wilhelm Killing alifundisha sekondari, kisha kwenye chuo cha Braunsberg, mji mdogo wa Prussia Mashariki, mbali na maktaba kubwa. Mwaka 1888, mwaka ule ule Abushiri alipoinuka dhidi ya Wajerumani huku Pangani, Killing alianza kuchapisha jibu la swali ambalo hakuna aliyemtuma: aljebra za Lie zisizogawanyika zipo za aina ngapi duniani? Jibu lake ni familia nne ndefu, pamoja na chache zilizokaa peke yake, hazina ukoo. Hizo aliorodhesha sita. Élie Cartan, aliyesahihisha na kukamilisha kazi hiyo katika tasnifu yake ya 1894, aliona mbili kati ya hizo sita ni ile ile moja. Zikabaki tano. Kubwa kuliko zote ni E8. Dimensheni yake 248. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni ya kazi gani. Ilikaa kama chungu kikubwa cha harusi kwenye nyumba isiyo na harusi.

Kwa E8, g ni 30. Wekeni kwenye fomula ya Sugawara. Ngazi ya kwanza: 248 gawanya kwa 31. Simu zinasemaje? Nane kamili. Ngazi ya pili: 496 gawanya kwa 32. Kumi na tano na nusu. Nakala mbili za kwanza, toa moja ya pili: 8 + 8 − 15.5.

Sitasema jibu.

Mwaka 1989 Zamolodchikov alilichukulia hili kwa uzito. Alichukua sumaku ya Ising pale kwenye nukta ya hatihati, akaipa uga mdogo wa sumaku kutoka nje. Konfomali inavunjika hapo, visiwa vinapata ukubwa maalumu, chembe zinapata tungamo. Akakuta chembe ni nane, na tungamo zake zinafuata E8. Ya pili kwa ya kwanza ni mara 1.618, ule uwiano wa dhahabu unaoupata kwenye pembetano. Ya tatu kwa ya kwanza ni 2 × cos(180°/30). Ile 30 mmeiona dakika mbili zilizopita kwenye mgawanyo.

Na mwaka 2010 kikundi kilichoongozwa na Radu Coldea kiliripoti kuiona E8 hiyo maabara. Waliichukua fuwele ya kobalti, niobi na oksijeni, CoNb₂O₆, ambamo atomu za kobalti zimejipanga minyororo minyororo. Mnyororo una dimensheni moja ya nafasi, ongeza muda, unapata mbili. Waliipoza mpaka sehemu 40 za elfu moja za kelvini, wakaiwekea uga wa ubavuni, wakaupandisha mpaka karibu na tesla 5.5, huku wakiipiga kwa nyutroni. Kadiri walivyoikaribia nukta ya hatihati, nishati ya mtetemo wa pili kwa wa kwanza, na mitetemo hiyo ndiyo chembe zenyewe, ilikaribia 1.618. Mitetemo miwili kati ya minane, tusitie chumvi. Lakini ni hesabu ya mwalimu wa Braunsberg, ndani ya kipande cha jiwe.

Jiwe lenyewe, nikichepuka kidogo: kobalti inachimbwa Kolwezi, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo. Niobi iko Panda Hill karibu na Mbeya, na iko Mrima, Kwale. Sisemi fuwele ile ilitoka huku. Nasema tu kwamba malighafi ya E8 tunaikanyaga, na anayepita na lori lake hana habari.

Kuna kijana kule nyuma ameinua mkono tangu nilipoandika 10. Amesema anataka kujua habari za dimensheni tatu, kwa sababu yeye haishi kwenye karatasi. Swali zuri, ndilo nililokuwa nalikwepa. Maji yakichemshwa ndani ya chombo cha shinikizo, yakifika nyuzi 374 na shinikizo la angahewa 218 hivi, tofauti ya maji na mvuke inatoweka. Nukta ile ni ndugu wa sumaku ya Ising ya dimensheni tatu, vipeo vyake ni vilevile. Hapo hatuna aljebra isiyo na mwisho. Hakuna Virasoro, hakuna mkia, hakuna c ya namna hii. Tuna mienendo kumi ya Liouville, na sharti kwamba kila kitu kikubaliane na kila kingine. Tangu 2008 watu wamekuwa wakiibana nadharia hiyo kwa kompyuta: unachukua lebo, unauliza kama mienendo kumi inaikubali, ikikataa unaifuta, mpaka kinabaki kisiwa kidogo cha lebo zinazoruhusiwa. Kisiwa kimeshakuwa kidogo sana. Mahali ambapo kwenye karatasi tuliandika 1/8, hapo kompyuta inaandika 0.518149 na kuendelea kuongeza tarakimu. Fomula yake hakuna aliyeiandika bado.